Isidore Lwaboshi, fundi wa freni, na kamio namba 118

Mudaka, Jumamosi tarehe 19 Septemba 1959

Padri, wazee wa Mudaka, wafanyakazi wa atelie mliokuja na salopeti zenu za kazi kwa kuwa hamkupewa nafasi ya kwenda kubadilisha nguo, na ninyi wote mliotufuata kutoka Bukavu: asanteni kwa kuja. Mimi ni Xavier Kulimushi, mdogo wake marehemu. Jamaa walitaka wasifu huu usomwe na monitere wa shule, maana yeye anasoma vizuri kuliko mimi. Nilikataa. Humu ndani kuna jambo ambalo mtu mwingine hawezi kulisema kwa niaba yangu, na yaya Isidore, kaka yangu mkubwa, hakupenda mtu asifiwe au asamehewe kwa kazi ya mikono ya mwenzake. Mtanivumilia sauti ikikatika.

Isidore Lwaboshi alizaliwa hapa hapa Mudaka, tarehe 12 Machi 1921, mtoto wa kwanza wa baba yetu marehemu Stanislas na mama yetu Eulalie, mnayemwona ameketi pale mbele. Alibatizwa siku ya Pasaka ya mwaka uleule. Mama anasema alichelewa kutembea lakini hakuchelewa kufungua vitu: kamba ya mbuzi, kifuniko cha chungu, mlango wa zizi. Baba aliufunga mlango ule kwa namna tatu tofauti, na mara zote tatu ndama walikutwa kwenye maharagwe ya jirani. Jirani mwenyewe yuko hapa, na naona anacheka. Maharagwe yale tulilipa, papa.

Alisoma shule ya misioni kuanzia mwaka 1929 hadi 1936, kisha miaka mitatu ya shule ya ufundi, akatoka na cheti mwezi wa saba 1939. Padri mkuu wa shule alikuwa na baiskeli ambayo freni yake ilipiga kelele mpaka ng'ombe wanakimbia. Siku moja alimkuta Isidore ameifungua yote, vipande vimepangwa kwenye majani. Padri akashika fimbo. Isidore akasema, "Padri, ngoja kwanza." Akaifunga tena palepale, kipande kwa kipande, akaipanda, akajiachilia kwenye mteremko wa misioni kuelekea geti lililofungwa. Alisimama geti likiwa karibu kumgusa pua. Akashuka, akarudi akiisukuma baiskeli, akasema, "Sasa unaweza kunipiga." Padri alimpiga, kwa sababu fimbo ilikuwa imeshatoka, lakini tangu siku ile hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kugusa baiskeli ile.

Tarehe 4 Februari 1946 aliandikwa kazi kwenye atelie ya Vandrome, karakana ya magari huko Bukavu, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Costermansville. Kazi ilikuwa kujenga kamio, magari ya mizigo. Shasi na mashine zilikuja kwenye masanduku kwa njia ya Kigoma na Uvira; watu watano walipokea masanduku yao na kujenga gari moja kuanzia chini mpaka mbao za juu, siku tisa, wakati mwingine kumi. Isidore alikuwa mtu wa freni. Aliyekaza nati ya freni ndiye aliyetia na pini yake, ule waya mdogo unaopita kwenye tundu la nati ili isilegee. Nati na pini zilikuwa kazi moja, ya mkono mmoja. Kuinama kuchungulia nati ya mwenzako ilikuwa tusi, kama kufunua chungu cha mke wa mtu.

Na gari ikiisha, ilipandwa. Vijana wa leo hawakuiona hiyo. Wale watano waliingia wote ndani ya gari mpya, fundi wa freni akaketi mbele kando ya dereva, wakapanda mpaka juu ya Kadutu, wakageuka, wakashuka mpaka ziwani. Wakifika wazima, fundi aliingia chini ya gari, akaangalia tena, akachukua patasi na kupiga alama yake kwenye chuma cha shasi. Alama ya Isidore ilikuwa L ndogo yenye mkia. Hatujawahi kusikia kamio yenye L ile imekataa kusimama.

Tarehe 24 Julai 1948 alifunga ndoa na Rosalie, binti wa Nyangezi. Atelie ilimkubalia kumchukua bibi-arusi kwa gari mpya, kwa sharti kwamba safari hiyo iwe ndiyo kupandwa kwake. Mama mkwe alipoiona gari haina hata vumbi, akaweka mikono kiunoni. "Mutoto yangu haingie mule mpaka nione weye mwenyewe unashuka nayo ile mulima." Bwana-arusi, na suti yake ya kuazima, alipanda mlima na kushuka mara mbili mbele ya wageni wote. Mara ya pili mama mkwe alikuwa ndani, anapiga vigelegele. Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyumba yao ya Kadutu, baadaye ya Bagira, haikufungwa mlango kwa mtu wa jamaa hata siku moja.

Sasa nafika mwaka 1955.

Mwaka ule alikuja enjeniya mpya. Wafanyakazi walimwita Bwana Saa, kwa sababu alitembea na saa mkononi akihesabu mtu anatumia muda gani kukaza nati moja. Alitandika reli ndani ya atelie na kugawa kazi katika vituo saba. Shasi ilisukumwa kutoka kituo hadi kituo, kwa firimbi ya saa sita na firimbi ya jioni. Umemaliza, hujamaliza, shasi inasogea. Kamio mbili zilitoka kila siku. Sikatai, kuna mazuri yaliyokuja: viatu vya kazi, taa, na sanduku la dawa ukutani. Lakini fundi aliacha kuwa fundi. Mzee Alphonse, ambaye kwa miaka kumi alijenga mbao za gari nzima peke yake, akawa mtu wa kutoboa matundu kumi na mawili. Mke wake akimwuliza jioni amefanya nini, alijibu, "Matundu."

Na nati ilitenganishwa na pini. Nati ikawa ya kituo cha tatu, pini ya kituo cha nne.

Mwezi wa kwanza 1957, Bwana Saa alimwita Isidore ofisini na kumpa kazi ambayo mtu mweusi hakuwahi kuishika pale: kontrolere, mkaguzi wa magari. Alipewa blauzi ya kijivu, lile koti la kazi la wakaguzi, kitabu cha kuandikia, na kashe, yaani muhuri. Kamio bila kashe yake haitoki getini. Mama yetu aliomba misa ya shukrani. Mimi, karani wa depo, ghala la atelie, nilijivuna kuliko yeye. Miezi minane yaya Isidore aliipanda kila gari kabla ya kuitilia kashe, mbili kwa siku, mvua au jua, na kila mara blauzi ya kijivu ilirudi nyeusi kwa sababu aliingia chini kuangalia. Halafu Bwana Saa alihesabu muda wa kupanda na kushuka, akaona ni mwingi.

Nilikuwapo, nimeleta orodha ya depo. Bwana Saa alisema kwa Kiswahili chake kile, "Karatasi iko, gari iko. Wewe natia kashe, bas!"

Isidore alisema, "Bwana, gari yenye sijapanda, sitaitia kashe."

"Hapana kupanda tena."

Yaya aliweka kashe juu ya meza, taratibu, akavua blauzi na kuikunja kama nguo ya kanisani. Kesho yake alipelekwa chumba cha rangi, kile cha nyuma kisicho na dirisha, ambako rangi inapulizwa na mtu anaivuta pamoja na pumzi yake. Walidhani atakaa siku mbili, kisha arudi kuomba. Hakurudi kuomba.

Na kashe alipewa nani? Mnajua, maana atelie nzima ilijua. Nilipewa mimi. Niliipokea, jamani. Sikumwuliza yaya. Nilivaa blauzi ileile, Rosalie alikuwa ameifua siku chache kabla, nikatia kashe kwenye karatasi nikiwa nimeketi kwenye kiti. Wiki tatu. Kamio thelathini na moja.

Jumatatu tarehe 14 Oktoba 1957, moja ya kamio zile ilishuka upande wa Nyangezi ikiwa na mzigo wa saruji na ikakataa kusimama. Dereva wake, Adalbert, alivunjika miguu yote miwili. Yuko hapa leo na magongo yake; alisema atasimama mpaka mwisho, na nimeshindwa kumkalisha. Walipoinua gari, walikuta nati ya freni imefunguka na kuanguka njiani, na pini haikuwahi kuwekwa. Hakuna aliyekuwa mvivu. Mtu wa kituo cha nne aliiona nati imekazwa, firimbi ikalia, na kwa desturi yetu ya zamani akajua mwenye nati ameshatia pini. Hakuinama, kwa heshima. Tungeipanda gari ile, Isidore angeingia chini na kuona.

Nilikwenda kwake Bagira jioni ileile. Nililia mlangoni kama mtoto. Rosalie ndiye aliyetoka kwanza. "Weye Xavier, unalia nini? Machozi haifungake nati. Ingia." Yaya alikuwa anakula, mikono yake bado ina rangi nyekundu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Leta kitabu," alisema.

"Kitabu gani?"

"Ile yenye unaandikaka banamba. Yote ni ngapi?"

"Trente et un."

"Toa ya Adalbert. Inabakia trente. Dimanche tunaanza."

Jumapili haikuwa imefika bado, na yeye hakungoja. Ijumaa ile, firimbi ya saa sita ilipolia, alitoka chumba cha rangi, akaja kusimama juu ya reli mbele ya shasi ya kituo cha nne. Alikuwa mwekundu mpaka kope. Akasema, "Tunangoja pini." Bwana Saa alipiga firimbi tena, na mara ya tatu, mpaka uso ukafanana na rangi ya Isidore. Watu wa vituo saba waliweka mikono chini. Hakuna aliyesukuma. Isidore akamwambia, bila kupaza sauti, "Bwana, inama. Angalia mwenyewe." Bwana Saa akapiga magoti na suruali yake nyeupe, akatazama chini ya gari. Pini haikuwapo.

Hakusema samahani. Aliondoka, na Jumatatu tulikuta maandishi kwenye ubao: kila kamio itapandwa. Na wafanyakazi, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kuitana. Wa kituo cha tatu anapaza, "Nati!" Wa nne anainama, anatia, anajibu, "Na pini!" Bwana Saa alifikiri ni wimbo. Wanaitana mpaka leo. Lakini Isidore hakurudishiwa blauzi. Aliachwa chumba cha rangi miezi mingine kumi na minne, na kila mara tulipomwambia aombe, alisema atakaa, maana akitoka ataingizwa mwingine. Alichoomba ni dirisha na vitambaa vya kufunga mdomo kwa watu wote wa chumba kile. Dirisha lilitobolewa mwezi wa kumi na moja 1958. Alitoboa mzee Alphonse, na alisema kwamba hilo ndilo tundu lake la kwanza lenye maana.

Na kila Jumapili, baada ya misa, tulitafuta kamio zangu. Kwa baiskeli, kwa miguu, mifuko imejaa pini. Tulizisubiri kwenye soko hili la Mudaka, Kavumu, Walungu, na zaidi kwenye kizuizi cha Ngomo, pale magari yanapozuiwa mpaka yale yanayopanda yapite kwanza. Dereva mmoja wa Kavumu alitufukuza na manivela, kile chuma cha kuwashia gari, mkononi, akidhani tunamwibia. Yaya alirudi kwake mara tatu mpaka akamkubalia kuingia chini, na pini haikuwapo, na mtu yule alitupa mkungu mzima wa ndizi tuubebe kwenye baiskeli. Kila dereva aliuliza lilelile: "Ni weye ulitia kashe?" Na kila mara yaya alijibu kabla yangu, "Ni sisi."

Ni sisi. Hakusema: ni huyu. Mara ishirini na tisa, hakusema.

Pini nilizitia mimi kwa mkono wangu. Alinikataza kumwachia hata moja. Kisha tulipanda gari pamoja na dereva, tukashuka mteremko wa kwanza uliokuwa karibu, na mimi nikatia alama mbele ya namba kwenye kitabu. Katika zile ishirini na tisa, tisa hazikuwa na pini. Adalbert tisa, mkifikiri vizuri. Kufikia Noeli ya mwaka jana ilibaki moja tu, namba 118, iliyouzwa mara mbili na kupotea upande wa Mwenga.

Ugonjwa ulimkamata mwezi wa kwanza mwaka huu. Kilianza kikohozi, kikaja na damu, na daktari alisema ni mapafu. Alilazwa hospitali ya Bukavu tarehe 2 Juni. Rosalie hakuondoka kando ya kitanda. Masista walimzoea mpaka wakampa kazi ya kukunja mashuka. Yaya hakulalamika, isipokuwa juu ya kitanda chenyewe, ambacho gurudumu lake moja lilikuwa limelegea, na alilikaza siku ya pili. Kila nilipoingia, kabla ya salamu, aliuliza habari ya ile 118, "Cent dix-huit, uliipata?"

"Bado, yaya."

"Basi unakuja kufanya nini huku?"

Niliandika barua kwa misioni zote za Mwenga na Shabunda. Tarehe 8 mwezi huu nilipata jibu la dereva wa Kamituga, Philémon, anayebeba mbao za machimbo ya dhahabu. Aliandika: namba ni hiyo, gari ninayo, inasimama vizuri, mnataka nini? Nilimsomea yaya. Alifumba macho, akasema, "Enda. Na usiniambie imesimama vizuri. Ingia chini." Siku ile niliondoka bila ruhusa ya kazi.

Niliifikia Kamituga Jumatatu. Philémon alinicheka. Miaka miwili, alisema, na milima yote hii! Niliingia chini. Hakukuwa na pini. Nati ilikuwa imebaki kwenye meno mawili, na kilichoishika ni kutu na udongo mkavu. Nilipoigusa kwa vidole tu, ilizunguka. Philémon aliingia naye akaona, akatoka, akaketi juu ya jiwe, akavuta sigara nzima. Nilikaza. Nilitia pini. Kisha tukaipanda, tukashuka nayo Bukavu, siku mbili njiani, nami nimeketi mbele, mahali pa fundi wa freni.

Tulifika hospitali Alhamisi tarehe 17 Septemba, saa nne asubuhi. Isidore Lwaboshi alikuwa ameaga dunia saa mbili, mkono wake ukiwa katika mkono wa Rosalie, baada ya kupokea sakramenti. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Rosalie ananiambia neno lake la mwisho lilikuwa kuniulizia. Hakuuliza Xavier yuko wapi. Aliuliza kama imepatikana, na Rosalie, ambaye hakujua lolote, alimjibu, "Iko njiani." Ilikuwa kweli. Ilikuwa pale Walungu.

Niliketi chini kwenye baraza ya hospitali, na mnaweza kufikiri nilivyokuwa. Philémon alinisimamia kichwani, kofia mkononi. Akasema, "Papa, gari haina muzigo. Itamubeba yeye mpaka kwao."

Marehemu ameacha mama yetu Eulalie. Mke wake Rosalie. Watoto wake Monique, Edouard na Yolande. Dada yetu Godelive wa Katana na mimi mdogo wake. Mama mkwe wake wa Nyangezi, ambaye leo amepanda kamio ile bila kudai ionyeshwe kwanza. Wafanyakazi wenzake wa vituo saba na wa chumba cha rangi. Na madereva thelathini wa nchi hii ya Kivu, ambao wengi hawajui jina lake. Bwana Saa ametupa ruhusa mpaka saa nane. Saa nane ikifika tutakuwa bado tunaimba.

Kamio iliyomleta mnaiona, imesimama pale kwenye mteremko juu ya barabara, bila jiwe chini ya gurudumu. Ni namba 118. Tumepanda nayo juu ya Kadutu, tukageuka, tukashuka mpaka ziwani kama zamani, ndipo tukaja huku. Fundi wa freni hakuketi mbele safari hii, alilala nyuma, lakini ameipanda. Tulipofika hapa niliingia chini, nikaangalia tena, nikachukua patasi yake na kupiga L ndogo yenye mkia.

Yaya, trente. Zimetimia zote. Lala sasa kwa amani ya Bwana; hakuna firimbi itakayokusogeza hapo.